Shangazi, nyota yangu na ya mchumba wangu hazipatani. Nimwache?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 29, Novemba natimiza 30. Nimezaliwa Tanga, nafanya kazi ya uhasibu hapa Dar es Salaam, nimepanga Tabata. Nakuandikia jambo ambalo nikiwaambia wenzangu ofisini watanicheka, na nikimwambia mama atanitafutia wa kunisomea.

Miaka miwili iliyopita niliachana na mtu niliyekaa naye miaka minne. Nilikuwa sili, silali, kazini naingiza tarakimu mara mbili mbili. Rafiki yangu akaniwekea programu ya nyota kwenye simu. Unajaza tarehe, saa na mahali ulipozaliwa, inakuchorea chati ya anga lilivyokuwa dakika ile. Mimi ni wa 14 Novemba, kwa hiyo ni Nge. Kadi yangu ya kliniki imeandikwa saa 5:20, nikaambiwa hata nyota iliyokuwa ikichomoza saa ile ni Nge. Nge juu ya Nge. Niliposoma maelezo yake nililia, Shangazi. Yalisema napenda kwa kina, sisahau nikiumizwa, naonekana mgumu nje lakini ndani ni laini. Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Kuanzia hapo nikaanza kuandika. Nilinunua daftari, kila mwezi mwandamo naandika ninachokitaka, kila mwezi mpevu naandika ninachotaka kukiacha. Nakunakilia ukurasa mmoja uone: “Mwezi mpevu. Leo ni siku ya tatu sijamsemesha F. wa chumba cha pili. Hasira zimeshaisha, nasubiri tu aanze yeye. Baba alikuwa hivi hivi.” Daftari hili limenisaidia. Nimejifunza kuomba radhi. Nimerudiana na dada yangu tuliyekuwa hatuongei.

Sasa tatizo. Kuna kijana, mwalimu wa sekondari, tumejuana mwaka na nusu. Ameleta posa nyumbani Tanga na wazee wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Lakini yeye ni wa 9 Februari, Ndoo. Nge na Ndoo zimeachana robo ya duara, na kila ninaposoma wanasema ni nyota za ukaidi, hakuna anayempisha mwenzake. Programu imetupa asilimia 41. Ndoo anapenda uhuru, hisia zake ziko mbali, anawajali watu wote kuliko mtu wake mmoja. Nimeanza kumtazama na kweli naviona. Akichelewa kujibu meseji nasema, ndiyo hiyo Ndoo. Akienda kuwasaidia wanafunzi Jumamosi nasema, ndiyo hiyo Ndoo. Nimeangalia pia sayari, Zuhura yake na Mirihi yangu, nazo ziko vibaya. Bibi yangu naye, ambaye anajua hesabu za zamani, akasema hizo nyota za simu ni za Wazungu, mimi kwa jina langu na la mama yangu ni Ndoo, wala si Nge. Nikachanganyikiwa zaidi.

Kitu kingine kidogo: kuna milioni mbili na laki tatu tulizokuwa tunaweka pamoja kwa ajili ya harusi, alimpa kaka yake bila kuniambia, lakini amesema atarudisha, kwa hiyo hilo si tatizo.

Halafu Machi nilipewa nafasi ya kuhamia ofisi yetu ya Dodoma, na cheo juu. Sayari ya Utaridi ilikuwa inarudi nyuma, na kipindi hicho wanasema usitie saini jambo lolote. Nikaomba wiki tatu. Nafasi akapewa mwingine. Nimemweleza mnajimu mmoja ninayemfuata mtandaoni, ambaye nilimlipa 45,000 anisomee chati. Akasema yote haya ni kwa sababu sayari ya Zohali inarudi pale ilipokuwa nilipozaliwa, nyota yangu imefifia, nitume 180,000 aisafishe kabla sijatimiza 30.

Shangazi, sitaki kuacha nyota, zimenifanya nijijue. Lakini naona nimeanza kuogopa kila kitu. Nimwache huyu kijana? Nitume hizo hela?

Nge, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Nitakuambia baadaye nilikuwa nahesabu nini.

Kwanza ujue kwamba hapa hakuna wa kukucheka. Mimi mwenyewe ndoa yangu ilifungwa kwa nyota. Babu yangu alikuwa na kitabu chake cha falaki kilichofungwa kwenye kitambaa cha kijani, akakokotoa, akasema Alhamisi, kwa sababu Alhamisi ni siku ya sayari ya Mushtarii, na saa ya nane ya mchana, ambayo nayo ni ya Mushtarii. Heri juu ya heri, kama wewe na Nge wako. Ikanyesha mvua ya kuzoa mabati. Biriani likaliwa jikoni, maulana akafungisha ndoa huku kanzu imelowa mpaka magotini. Niliishi na mume wangu miaka ishirini na sita mpaka Mungu alipomchukua, na katika hiyo kuna kama saba ambayo sitaki kuisimulia hapa. Mushtarii ilikuwepo katika yote.

Na watu wa pwani hatukuanza jana kutazama juu. Jahazi za kaskazi na kusi ziliongozwa na nyota. Mkulima alikuwa akitazama Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota, ndiyo maana jina lake limetokana na kulima, na wazee wakaacha msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo si uganga. Ni watu waliotazama anga mwaka baada ya mwaka, wakaona lini pa kutia jembe. Sisi wa umri wangu tumekua pia na mnajimu Sheikh Yahya Hussein, mpaka alipofariki Mei 2011. Hata waliosema hawamwamini walikuwa wakifungua gazeti upande wa nyota kabla ya habari. Punda leo mambo yako yatakwenda vizuri, Kaa epuka safari. Mama mmoja jirani yetu alikuwa hajui kusoma, anawaita watoto wamsomee ya kwake, na ikiwa mbaya anaomba wamsomee ya jirani.

Kwa hiyo nyota nazijua, na kwa sababu nazijua nataka tuanze na hiyo kadi yako ya kliniki.

Umesema imeandikwa 5:20. Wewe ukajaza kwenye simu saa 5:20 kwa saa za Kizungu, yaani alfajiri, saa kumi na moja na dakika ishirini. Lakini mwanangu, muuguzi aliyeandika ile kadi Tanga miaka karibu thelathini iliyopita alikuwa Mswahili. Je, hakuandika saa tano na dakika ishirini, jua limeshapanda? Nyota inayochomoza hubadilika takriban kila baada ya saa mbili, kwa hiyo kosa la saa sita si dogo. Nilimpa mpwa wangu, kijana wa simu, akajaza 14 Novemba, Tanga, 11:20 asubuhi. Unajua ilichomoza nini? Ndoo! Si Nge tena. Muulize mama yako: siku ile ulipolia mara ya kwanza, nje kulikuwa giza au watu walikuwa wanarudi sokoni? Akisema sokoni, basi miaka miwili umesoma chati ya mtoto mwingine, aliyezaliwa Tanga siku moja na wewe kabla jua halijatoka.

Na yale maelezo yaliyokuliza yalikuwa humo humo.

Usikimbilie kusema basi kumbe nami ni Ndoo, na bibi alisema Ndoo, hii ni ishara. Nakujua. Hebu tuitazame hesabu ya bibi. Ile ni ya abjadi: kila herufi ya Kiarabu ina tarakimu yake, unajumlisha jina la mtu na la mama yake, unaondoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota yako ukianzia Punda. Tuseme mtu anaitwa Maryamu binti Zainabu. Maryamu: mim 40, re 200, ye 10, mim 40, jumla 290. Zainabu: ze 7, ye 10, nun 50, be 2, jumla 69. Pamoja 359. Ukiondoa kumi na mbili mara ishirini na tisa unabakiwa na 11, na ya kumi na moja ni Ndoo. Safi kabisa, ni hesabu ya shule. Ila huyo mama nyumbani anaitwa Zena. Mwalimu akiandika Zena, kwa alifu mwishoni, be inaondoka inakuja alifu ya moja, jumla inashuka kwa moja tu, binti anakuwa Mbuzi. Mtoto ni yule yule, mama ni yule yule. Kilichobadilika ni majirani wamezoea kumwitaje.

Hayo ya nyumbani. Ukivuka barabara ukaenda kwa Mhindu anayejua unajimu wa kwao atakuambia kwa jua wewe si Nge wala Ndoo, ni Mizani. Wao wanafuata nyota zilipo angani, wakati unajimu wa magazeti unafuata majira, na kwa sababu mhimili wa dunia unayumba taratibu kama pia ya watoto inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja wa miaka kama 26,000, vitu hivi viwili vimeachana karibu nyota nzima. Tarehe 14 Novemba jua liko mbele ya Mizani, si Nge. Kwa hesabu hiyo mwalimu wako naye si Ndoo, ni Mbuzi. Ila usifurahi haraka, Mizani na Mbuzi nazo zimeachana robo ile ile.

Ninachotaka uone ni kwamba una nyota tatu, na kila moja ina watu wake waliosoma, wenye vitabu na heshima zao. Kama moja ingekuwa imeandika tabia yako, mbili zilizobaki zingekuwa zimekosea, na ungezisoma ungesema hapana, huyu si mimi. Jaribu. Mwambie dada yako, huyo mliyerudiana, anakili maelezo ya nyota zote kumi na mbili bila majina, kila moja kwenye karatasi yake, azichanganye. Uchague tatu zinazokufaa. Ukiipata Nge mara moja bila kusita, niandikie, nitaichapisha.

Sidhani utaipata, na nitakuambia kwa nini. Mwaka 1948 mwalimu mmoja wa saikolojia Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 mtihani wa tabia, kisha akamrudishia kila mmoja majibu yake ya siri na kuwataka wayapime kwa alama sifuri hadi tano yanavyowalenga. Wastani ukatoka 4.26. Halafu akawaambia: nyote mmepewa karatasi moja. Maneno mengi alikuwa ameyaokota kwenye kitabu cha nyota cha kuuzwa barabarani. Rudi sasa kwenye ulichonakili: unapenda kwa kina, husahau ukiumizwa, mgumu nje laini ndani. Mwanangu, nitajie mtu mmoja Tabata nzima atakayesema mimi napenda juujuu, nikiumizwa nasahau, na ndani yangu ni jiwe.

Na wanajimu wenyewe wamepimwa. Mwaka 1985 Shawn Carlson alichapisha katika jarida la Nature jaribio alilowapa wanajimu chati ya mtu pamoja na maelezo matatu ya tabia, moja la mwenye chati, mawili ya watu wengine, wachague. Walipata theluthi moja. Ndicho ungekipata ukifumba macho na kuonyesha kwa kidole.

Hapo wengine wangeishia: ni uongo, futa programu, kaa na watu. Mimi siwezi kuishia hapo kwa sababu ya ule ukurasa wa daftari.

“Hasira zimeshaisha, nasubiri tu aanze yeye. Baba alikuwa hivi hivi.” Nimekaa na sentensi hizo siku nzima. Kuna watu wanakufa na miaka sabini hawajawahi kujisema hivyo. Umejikamata katikati ya kununa, ukaona hasira imeondoka na kilichobaki ni mchezo wa nani aanze, kisha ukaona mchezo wenyewe ulifundishwa na nani. Sasa nionyeshe humo Nge iko wapi. Haipo. Mwezi mpevu upo, lakini kazi yake ilikuwa ya kengele: ilikukumbusha kukaa chini na kalamu. Ungeweza kufanya hivyo kila Ijumaa, au kila siku ya mshahara, na huenda ukurasa ungetoka ule ule. Ingawa nakubali mwezi una raha yake. Mtu akiuona unatoka nyuma ya minazi anapata utulivu ambao risiti ya mshahara haitoi.

Kuna watu walioutaka unajimu uwe hivyo hasa, wa kujijua badala ya kutabiri. Mmoja wao ni Mwingereza Alan Leo, aliyefariki 1917. Alishitakiwa London kwa kupiga ramli, 1914 na tena 1917, na mara ya pili akatozwa faini. Yeye alikuwa akisisitiza kwamba chati inaeleza tabia ya mtu na wapi inaelekea, si kwamba kesho utaanguka ngazi. Maelezo mengi unayosoma kwenye simu ni wajukuu wa mawazo hayo. Mimi nayapokea, kwa kipimo kimoja: nyota ikikuuliza swali, ipokee. Ikikuletea jibu, mrudishie aliyeituma. “Je, wewe ni mtu wa kuweka kinyongo?” hilo ni swali, kaa nalo na daftari lako. “Ndoo hana mapenzi” hilo ni jibu, tena kuhusu mtu mwingine ambaye hata hayupo chumbani kujitetea.

Ukipekua daftari lako nadhani utaona mahali lilipogeuka. Mwanzoni ulikuwa unaandika habari zako. Baadaye ukaanza kuandika zake. Meseji imechelewa, Ndoo. Wanafunzi Jumamosi, Ndoo. Mwalimu anayefundisha masomo ya ziada Jumamosi ni mwalimu, mwanangu. Wako wa nyota zote kumi na mbili na wote hawajibu meseji wakiwa darasani.

Dodoma ndiyo iliyoniuma zaidi. Utaridi hairudi nyuma. Inalizunguka jua kwa siku 88, sisi tunatumia 365, kwa hiyo kila inapotupita kwa ndani inaonekana kama inakwenda kinyume. Umeshapanda basi la Tanga ukalipita lori la Segera ukaliona kama linarudi? Lori linakwenda zake. Na hutokea mara tatu au nne kwa mwaka, kila mara wiki kama tatu. Fanya hesabu, wewe si mhasibu? Ni karibu siku sabini usizotakiwa kutia saini. Ukiongeza sikukuu na Jumapili utafanya kazi lini?

Lakini sidhani ni Utaridi iliyokuzuia kwenda Dodoma. Nadhani uliogopa. Mji mgeni, cheo kikubwa, huyu kijana yuko Dar, na pengine ulitaka mtu akuambie subiri bila wewe kuonekana mwoga. Kuogopa si aibu. Ungeandika kwenye daftari “naogopa Dodoma kwa sababu moja, mbili, tatu”, ungekuwa na cha kumwambia bosi wako. Mwambie hata sasa. Mwombe radhi kwa kuchelewa, mwambie nafasi kama ile ikitokea tena akufikirie, na usitaje sayari.

Zohali nayo. Ni kweli inalizunguka jua kwa miaka kama 29 na nusu, na kwa hiyo unapokaribia 30 inarudi ilipokuwa ulipozaliwa. Huo ni ukweli wa anga. Ila hairudi kwako peke yako. Imemrudia kila uliyekaa naye darasa la saba, yule aliyeolewa na watoto watatu, aliyeko Muscat anafanya kazi, anayeuza vitenge Ngamiani. Haiwezi kukuambia kwa nini wewe mambo yamekubana na yeye yamemfungukia. Kinachokubana unakijua: ni kila harusi unayokwenda mashangazi wanakuuliza wewe lini. (Mimi simo. Labda kidogo.)

Na huyo anayetaka 180,000. Angalia mwendo wake. Kwanza alikuuzia kusomewa chati kwa 45,000. Haya, umelipia maongezi, watu hulipia hata sinema. Sasa amekuambia una ugonjwa usioonekana, dawa anayo yeye peke yake, na kuna tarehe ya mwisho. Ukilipa, mwezi ujao utaambiwa imetakata lakini kuna jicho la mtu wa karibu, na hilo ni laki tatu. Mtu wa kukusaidia ujijue hana sababu ya kukutisha. Usibishane naye, usimweleze. Mfungie tu. Na kama alichukua picha zako au jina la mama yako na sasa anakutisha nazo, mwambie dada yako leo hii, usikae na siri ya namna hiyo peke yako.

Kwa upande wa dini, kwa kuwa umemtaja mama na kusomewa: nenda kaulize kwa mtu unayemwamini elimu yake. Utakuta masheikh wanatenganisha ilmu ya falaki, ya kujua kibla na nyakati za swala, na kwenda kwa mtabiri kumuuliza ya ghaibu, jambo ambalo hadithi imelikemea vikali, swala za siku arobaini kutokubaliwa. Wasomaji wangu Wakristo nao wanajua Kumbukumbu la Torati 18 inasema nini. Sitakuhubiria, sina kilemba. Ila naona daftari lako, ukiliondolea nyota, linafanana sana na kile ambacho wazee wetu walikiita kujihesabu nafsi kabla ya kulala.

Sasa kile nilichokuwa nahesabu kwa kalamu.

Kuhusu Ndoo, Zuhura, Mirihi na asilimia 41 umeandika sentensi nane. Kuhusu milioni mbili na laki tatu umeandika sentensi moja, ukaiita kitu kidogo, na ukaimaliza kwa kuniambia si tatizo kabla sijakuuliza. Mwanangu, mhasibu hawezi kuona milioni mbili na laki tatu zimetoka bila idhini yake akasema si tatizo. Ungeiona kwenye vitabu vya kampuni usingelala.

Nadhani hiyo ndiyo pembe ya robo duara iliyoko kati yenu. Na nadhani unalijua, ila kusema “nyota zetu hazipatani” ni rahisi kuliko kusema “ulichukua hela yangu nikaumia, na sijui kama utafanya hivyo nikishakuwa mke wako”. La kwanza halina mkosaji. La pili itabidi umtazame usoni.

Inawezekana ana sababu. Kaka mtu alikuwa hospitali, au alikuwa anauziwa kiwanja. Inawezekana ni mtu wa kutoa vya wenzake bila kuuliza, na hiyo itaendelea mpaka mtakapokuwa na wajukuu. Sijui, programu haijui, bibi yako hajui. Yeye anajua, na hujamuuliza kwa sababu una tabia uliyojiandikia mwenyewe: unanyamaza, unasubiri aanze yeye.

Kwa hiyo jibu la posa lisitoke mwezi huu. Waambie wazee unaomba muda kidogo, kuna jambo mnalizungumza, hakuna mzee atakayekufa. Wiki hii, wala usingoje mwezi mwandamo, mwite mahali penye watu lakini pa kuweza kusikilizana, simu zote mbili chini, umuulize maswali matatu: ulimpa kaka lini, kwa nini hukuniambia, na inarudi tarehe ngapi. Umuulize kwa sauti ya kawaida. Umwache ajibu mpaka amalize, usimsaidie. Ukirudi nyumbani andika maneno aliyosema, si unavyodhani alimaanisha, na uyasome tena asubuhi yake ukiwa umelala.

Umeniuliza umwache. Siwezi kukujibu hilo nikiwa nimekaa hapa na barua ya kurasa mbili, na kama ningekujibu ningekuwa mnajimu wako wa nne.

Ukimaliza mazungumzo hayo niandikie alichokijibu kuhusu zile milioni mbili. Habari za Ndoo usinitumie.

Shangazi